UANI KWETU: Tuwaage Mbayuwayu kwa Amani

Mvua za mwezi wa Machi zinapoanza hapa Jinja, anga juu ya nyua za Nalufenya hujaa mbayuwayu. Wengi wetu hudhani kwamba wote ni wenyeji. Baadhi yao ni wenyeji kweli, lakini wengine ni wasafiri wanaojiandaa kurudi Ulaya na Asia, ambako hutaga mayai na kulea makinda.

Kuwatambua si kazi ngumu. Msafiri ana koo jekundu, na chini yake mkanda mpana mweusi wenye kung'aa kibuluu. Tumbo lake ni jeupe. Mwenyeji ana wekundu unaoshuka hadi kifuani, mkanda mwembamba uliokatika, na tumbo la kijivu. Tena, ukiona mbayuwayu ajengaye kiota cha udongo chini ya paa lako, jua kwamba huyo ni mwenyeji. Msafiri hajengi kwetu.

Mvua ikikatika, kumbikumbi hupaa kutoka vichuguuni. Sisi huwakinga kwa beseni; mbayuwayu huwadaka angani. Mafuta wanayojiwekea mwilini ndiyo posho ya njiani, kwani ndege huyu mwenye uzito wa gramu 20 hivi hana budi kulivuka jangwa la Sahara. Kila askari anajua maana ya kuanza safari ndefu bila posho.

Mnamo Mei 1911, mbayuwayu mmoja alivishwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 alikamatwa Natal, Afrika Kusini. Pete hiyo ndogo ilithibitisha kwamba mbayuwayu wa Uingereza hufika hadi kusini kabisa mwa bara letu.

Kwa hiyo, akina baba na akina mama, tuwaambie watoto waweke chini manati. Ndege anayeuawa mwezi wa Aprili hupotea pamoja na makinda ambayo angeyalea mwaka huo. Tusinyunyize dawa ya wadudu ua mzima, maana wadudu hao ndio chakula chake, na miongoni mwao wamo nzi na mbu wanaotusumbua sisi wenyewe.

Badala ya manati, mpe mtoto daftari. Aandike tarehe atakayomwona msafiri wa mwisho, kisha aanze kumtazamia tena kuanzia Septemba.