Ustawi wa Wananchi Si Hisani ya Serikali

Kauli kwamba serikali si mzazi wa mtu mmeisikia mikutanoni, redioni na hapa hapa stendi ya Mombo. Husemwa kana kwamba imemaliza mjadala. Haijamaliza. Nyuma yake ziko hoja, na kila hoja inastahili kusikilizwa kisha kupimwa. Wasomaji kaeni kama wazee wa baraza: mzipime hoja za wanaotoa kauli hiyo kwa ushahidi, na zangu vilevile.

Wanaanza na fedha. Nchi haina uwezo, wanasema, wa kumtibu kila mgonjwa na kumtunza kila mzee, na anayeahidi hivyo anawadanganya watu. Ni kweli fedha za umma zina kikomo. Lakini mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na serikali humchangia asilimia 3 nyingine. Ni utaratibu mzuri, na sijamsikia mtu akisema unaifilisi nchi. Kwa mkulima, serikali yenyewe ilishakubali kanuni hiyo hiyo ilipoanzisha "tele kwa tele", yaani kuongeza ruzuku juu ya kile ambacho kaya inachangia kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii. Kwa hiyo swali la kama serikali ichangie lilikwisha kujibiwa. Lililobaki ni kiasi gani, na kwa nani kwanza. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika, wetu wakiwemo, waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo haijatimizwa. Asiyetimiza mgawo alioahidi mwenyewe hawezi kusema amekwama kwa umaskini peke yake, amechagua pia.

Kisha wanasema walipakodi ni wachache, na wanaodai huduma si wao. Sikilizeni vizuri. Mkulima wa Soni anayeteremsha kabichi kupitia Mombo kwenda Dar es Salaam hulipa ushuru wa mazao, hulipa tozo iliyomo katika kila lita ya mafuta ya gari, na akinunua sabuni analipa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, sawasawa na waziri. Julai 2021 serikali iliweka tozo kwenye miamala ya simu, ikamfikia hata bibi anayepokea elfu kumi kutoka kwa mjukuu wake. Haiwezekani mtu huyo awe ndani ya hesabu siku ya kukusanya, halafu awe nje siku ya kugawa.

Hoja ya uvivu ndiyo inayosemwa kwa uhakika mkubwa na kwa ushahidi mdogo. Wanadai kwamba fedha za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, huwafundisha watu kukaa na kusubiri. Jambo hili limepimwa. Mwaka 2010 TASAF ilianza majaribio ya ruzuku kwa kaya maskini katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino: vijiji 80, nusu vikaanza kupokea na nusu vikasubiri ili kulinganishwa. Kaya zilizopokea zilijiunga zaidi na bima ya afya na ziliongeza mifugo, na wasichana wao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza shule ya msingi. Hizo si tabia za mtu aliyekata tamaa ya kazi. Wako walengwa wasiostahili, na majina yao yafutwe. Orodha mbovu hurekebishwa, haiwi sababu ya kumnyima mjane anayestahili. Tena wanaotoa hoja hii hupokea kiinua mgongo na pensheni bila kuogopa kwamba vitawaharibu tabia.

Hoja inayopendwa zaidi huku Usambara ni ya historia: kwamba wazee wetu hawakulelewa na serikali, kila ukoo ulijitunza, na kujitegemea kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967 kulikuwa kuirudia desturi hiyo. Hapa nitakaa kidogo, maana yaliyotokea ni kinyume. Wasambaa walikuwa na dola, ikitawaliwa na Wakilindi kutoka Vuga. Watu walimpelekea mfalme mali na nguvu zao, nao wakamdai mvua, shibe na amani. Mfalme imara aliiponya nchi. Wakuu walipogombana nchi iliharibika, na lawama ikawa yao, si ya mkulima. Mwanahistoria Steven Feierman ameonyesha kwamba mjadala wa nani anaiponya nchi na nani anaiharibu uliendelea hadi siku za kudai uhuru. Na tunajua yaliyotokea ulinzi wa mfalme ulipovunjika. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862, warithi wakagombana, na mwanawe Semboja akajikita Mazinde, jirani na Mombo, kwenye njia ya misafara. Watu walitekwa wakauzwa pwani. Koo zilikuwepo, na undugu ulikuwepo. Havikutosha kuwaokoa watoto wao.

Ama Azimio la Arusha, wanaolitaja warudi kulisoma. Kujitegemea kulikosemwa pale ni kwa taifa lisiendeshwe na fedha za wageni. Azimio hilo hilo liliwataja wazi watoto, wazee wasiojiweza, vilema na wale ambao dola imeshindwa kuwapatia kazi kuwa ni watu wanaoweza kuishi kwa jasho la wenzao bila kuitwa wanyonyaji.

Imebaki Katiba. Ni kweli ibara ya 7 inazuia mahakama kuilazimisha serikali kutekeleza malengo ya ustawi yaliyomo ndani yake. Lakini ibara hiyo hiyo inaitaka serikali na vyombo vyake vyote kuyazingatia. Ibara ya 8 inautaja ustawi wa wananchi kuwa lengo kuu la Serikali, na ya 11 inautaja uzee, maradhi na ulemavu. Wajibu usio na hakimu mahakamani haujafutika. Hakimu wake ni mpiga kura.

Na anayesema haiwezekani atazame ng'ambo ya bahari. Tangu Aprili 2016 Zanzibar humlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya kila mwezi, iwe aliajiriwa au hakuajiriwa. Ilianza na shilingi 20,000, ikapandishwa hadi 50,000, na hulipwa kwa fedha za serikali yenyewe. Mzee wa umri huo hapa Mombo, aliyelima maisha yake yote, hana pensheni ya uzee. Wagombea watakapokuja kuomba kura, waulizeni ni kwa nini.