Simu Iliibiwa, Ukaandikisha "Imepotea": Kwa Nini Hujui Ukweli Kuhusu Usalama wa Dandora

Msee, tuanze na swali rahisi. Mara ya mwisho ulipigwa ngeta, ama simu yako ikanyakuliwa kwa dirisha ya mathree, ulienda kuripoti kwa karao?

Wengi mtasema zii. Na wale walienda, wengi walienda juu ya kitambulisho. Ukitaka kurudishiwa ID lazima uwe na abstract, na ndiyo usikalishwe kwa benchi ukiulizwa maswali kibao, ukasema tu "nimepoteza." Ukapewa karatasi, ukaenda zako.

Sasa fikiria vizuri umefanya nini hapo. Uliibiwa, lakini kwa kitabu ya polisi hakuna mwizi. Kuna mtu mzembe tu alipoteza wallet.

Hiyo ndiyo shida ya kwanza tukianza kubonga kuhusu mtaa gani ni mbaya na mtaa gani uko fiti. Kila mwaka KNBS hutoa Economic Survey, na ndani kuna hesabu ya uhalifu. Lakini soma kichwa cha ile jedwali: ni visa vilivyoripotiwa kwa polisi. Kile hakikuripotiwa, hakipo.

Na si kila mtu huripoti sawa. Jamaa wa Kilimani akiibiwa gari, lazima aende station juu insurance haitamlipa bila abstract. Mathe wa Dandora Phase 4 akiibiwa kabambe na soo tano, atapoteza nauli na siku nzima ya kazi ndiyo aandikwe OB. Atanyamaza. Kwa hivyo hesabu ikipanda mahali, inaweza kuwa wezi wameongezeka, ama pia watu wameanza kuamini polisi wao. Namba peke yake haiwezi kukuambia ni gani.

Kukikosekana namba za kuaminika, kinachobaki ni jina. Na jina la Dandora unalijua. Ukisema unaishi D, mtu anashika simu yake kwanza akicheka. Cab ya usiku ina-cancel. Kwa interview unaandika "Komarock side." Yaani kuna mayut elfu nyingi hawajawahi kuibia mtu hata pipi, lakini wanalipia jina ambalo hawakujitafutia.

Cheki pia hii mtaa ilitoka wapi. Dandora haikuanza kama ghetto. Miaka ya 70, City Council na World Bank waligawa ploti kama 6,000, zikiwa na maji na choo, mwenyewe ajijengee polepole. Nyumba zilipangwa kuzunguka uwanja mdogo, ile tunaita court, ndiyo watoto wacheze na mamathe waanike nguo wakionana. Miaka hiyo hiyo ya 70 gava ikaleta dampo hapo karibu, na takataka za Nairobi nzima zikaanza kumwagwa huko. Dampo liko hadi leo. Nyumba za chini zikageuka maghorofa, watu wakajaa, na zile court zikabaki hazina mwenyewe. Mitaro ikaziba, taa hakuna. Mahali palipojengwa ili majirani waonane, pakawa mahali pa mtu kukungoja na kisu.

Hapa ndiyo story inakuwa tamu, na ndiyo hatuisikii sana. Mayut wa Dandora wenyewe, chini ya Dandora Transformation League, walianza kurudisha hizo court moja moja. Walifagia, wakapaka rangi, wakapanda miti, wakaweka geti. Wakaanzisha shindano linaitwa Changing Faces, mbogi ishindane na mbogi nani ana court safi. Wenye nyumba wanachanga kitu kidogo, mayut wanapata doh ya usafi, ya kuosha magari, ya kulinda parking. Baadaye idea ikaenda mitaa mingine ya Nairobi.

Kwa nini hii inafanya kazi? Kwanza, wale vijana wangekuwa base bila kazi, sasa wanalinda kitu chao. Pili, mwizi anapenda giza na mahali hakuna mtu anakujua. Court iko na taa, watoto na mama wa smokie saa mbili usiku, hiyo ni CCTV yenye mdomo.

Njia ingine unaijua pia, na hiyo hutrend zaidi. Ni zile page za Facebook za jina Hessy, za kuonya vijana kwa picha, halafu siku chache baadaye picha ingine, msee amelala chini. Na comments zimejaa "kazi safi."

Naelewa hasira. Kama umewahi kuwekewa kisu shingoni mbele ya dadako, hutaki kusikia lecture ya Katiba. Lakini jiulize: hizi risasi zimekuwa zikilia Eastlands miaka mingi. Wizi uliisha? Anakufa mmoja wa miaka 19, wawili wanachukua nafasi yake, na aliyekuwa akinunua hizo simu za wizi anaendelea kula maisha. Tena picha ikikosewa, hakuna kurudi. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema ukishikwa ufikishwe kortini ndani ya masaa 24. Kiko hapo kukulinda wewe pia, siku utavaa hoodi kama ya mwizi. Na mtaa ukiogopa karao kuliko mwizi, nani ataenda kuripoti? Tumerudi pale pale, "nimepoteza."

So ufanye nini? Leo bonyeza *#06#, andika ile IMEI mahali si kwa simu. Ukiibiwa, sema umeibiwa, na usitoke station bila namba ya OB. Hailipishwi. Kama unajua kitu na unaogopa kuonekana, DCI wana laini ya bure 0800 722 203. Karao akikudhulumu, IPOA ni 1559. Na MCA wako akikuja na fulana mwaka wa kura, muulize taa ya court yenu iko wapi.

Usalama wa mtaa hauanzi na bunduki. Unaanza na taa kuwaka, kijana kuwa na kazi, na jirani kujua jina lako.

Haya, wewe unaishi mtaa gani, na ukiibiwa leo utaandikisha nini, "nimeibiwa" ama "nimepoteza"?