Kompyuta imegundua dawa? Uliza kwanza imejaribiwa kwa nani

Siku hizi haipiti wiki bila kusikia kwamba akili mnemba, ile ambayo wengi tunaiita AI, imegundua dawa ya ugonjwa fulani. Wiki hii ni saratani, wiki ijayo kisukari, kisha selimundu. Habari inatoka redioni, inakatwa vipande, inarushwa kwenye makundi ya WhatsApp, na ikimfikia mama mwenye mtoto wa selimundu imeshakuwa kwamba dawa ipo tayari ila inafichwa. Mgonjwa akiamini hivyo, ni rahisi aache vidonge vyake akiisubiri hiyo mpya, au ampe pesa mtu anayedai anayo.

Ndani ya habari hizo ukweli upo, na ni mkubwa. Lakini kuna hatua moja ambayo karibu kila mara huachwa, nayo ndiyo inayomhusu mgonjwa kuliko zote.

Kompyuta inafanya nini hasa

Karibu kila kazi ya mwili, na ya vijidudu vinavyotushambulia, hufanywa na protini. Kila protini ina umbo lake, na dawa nyingi hufanya kazi kwa kujishika mahali fulani kwenye umbo hilo, kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli. Zamani kulijua umbo la protini moja kuliweza kumchukua mtafiti miaka kadhaa maabara.

Mwaka 2020 programu ya AlphaFold, iliyotengenezwa na kampuni ya Google DeepMind, ilionyesha kwamba inaweza kulikadiria umbo hilo kwa usahihi mkubwa. Kufikia mwaka 2022, maumbo ya protini zaidi ya milioni 200 yalikuwa yamewekwa wazi ili mtafiti yeyote ayatumie bure. Oktoba 2024 Demis Hassabis na John Jumper walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo, wakigawana na David Baker wa Marekani, ambaye hubuni protini mpya kwa kompyuta.

Kazi kubwa ya namna hii ni vigumu kuifanya kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Inahitaji mashine zenye nguvu, mara nyingi nyingi zikipiga hesabu kwa pamoja. Zamani chuo kisichokuwa na mashine hizo kilibaki nje. Sasa zinakodishwa kupitia intaneti, utaratibu ambao wataalamu wanauita wingu. Mtafiti analipia saa alizotumia tu, kama mkulima anayekodi trekta siku ya kulima badala ya kulinunua. Kwa hiyo mtafiti wa Dar es Salaam au Kampala anaweza kutumia mashine ambayo chuo chake hakiwezi kuinunua, ilimradi awe na intaneti ya uhakika na fedha za kulipia.

Somo la Covid

Kilichotokea wakati wa Covid kinaeleza vizuri wapi kompyuta inasaidia na wapi inaishia.

Februari 2020 watafiti wa maabara ya taifa ya Oak Ridge nchini Marekani walitumia Summit, iliyokuwa kompyuta yenye nguvu kuliko zote duniani wakati huo, kuchuja kemikali zaidi ya 8,000. Walitafuta zile zinazoweza kujishika kwenye protini ambayo kirusi hutumia kuingia kwenye seli. Zilibaki 77. Mwezi uliofuata mashirika na kampuni, zikiwemo IBM, Amazon, Google, Microsoft na NASA, ziliungana kuwapa watafiti nguvu za kompyuta, nyingine kupitia wingu. Dunia ikangoja.

Dawa iliyotangulia kuthibitishwa kwamba inapunguza vifo vya Covid ilitoka kwingine kabisa. Ilikuwa deksamethazoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo ambayo madaktari wetu wameitumia miaka mingi. Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilitangaza matokeo. Wagonjwa zaidi ya 2,000 walipewa dawa hiyo, wakalinganishwa na zaidi ya 4,000 waliopata matibabu ya kawaida, na nani aingie kundi lipi kuliamuliwa kwa bahati nasibu. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilipungua kwa theluthi moja. Kwa waliokuwa wakipewa oksijeni, vilipungua kwa moja ya tano. Kwa wasiohitaji oksijeni, haikuonekana faida yoyote.

Tazama hilo la mwisho. Dawa ileile inaokoa mgonjwa mmoja na haimsaidii mwingine, na tofauti hiyo ilijulikana kwa sababu wagonjwa halisi walifuatiliwa kitandani.

Hata hivyo, tusiidharau kompyuta. Februari hiyohiyo ya 2020, kampuni ya BenevolentAI ya Uingereza ilitumia akili mnemba kupekua maandiko ya kitabibu, ikapendekeza kwamba baricitinib, dawa ya baridi yabisi, ingeweza kufaa kwa Covid. Ilikuwa sahihi. Lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza rasmi kwa wagonjwa mahututi Januari 2022, baada ya majaribio kwa binadamu kutoa jibu. Kati ya kompyuta kusema "huenda" na WHO kuipendekeza, ilipita karibu miaka miwili, tena wakati dunia nzima ilikuwa na haraka.

Malaria: hesabu isiyofupishwa

Tuje nyumbani. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilianza kutafutwa miaka ya 1980. Jaribio lake kubwa lilifanyika kati ya 2009 na 2014 kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, wakiwemo watoto wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. WHO iliipendekeza Oktoba 2021. Chanjo ya pili, R21, ilijaribiwa kwa watoto 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, ikapendekezwa Oktoba 2023.

Sasa watafiti wa Oxford wameitumia AlphaFold kuelewa umbo la protini ambayo kimelea cha malaria hukihitaji ili kuzaliana ndani ya mbu. Walikuwa wameihangaikia kwa miaka bila kuiona vizuri. Lengo ni chanjo itakayomzuia mbu asimwambukize mtu mwingine. Ni hatua ya maana.

Lakini hata chanjo hiyo ikibuniwa kesho, itabidi wazazi wakubali watoto wao wachanjwe, msimu wa mvua uje, mbu wazaliane, na mwaka upite ndipo ijulikane nani aliugua na nani hakuugua. Kompyuta inafupisha miaka ya kutafuta. Mwaka wa kumfuatilia mtoto unabaki kuwa mwaka.

Mashine haijui isichofundishwa

Jambo la pili linatuhusu zaidi sisi Waafrika. Akili mnemba hujifunza kutokana na takwimu inazopewa, na takwimu nyingi za vinasaba duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya.

Madhara ya pengo hilo tunayajua hata kabla ya AI. Wengi mnaikumbuka efavirenz, dawa ya kufubaza VVU, kwa ndoto za kutisha na kizunguzungu. Utafiti wa Profesa Collen Masimirembwa na wenzake nchini Zimbabwe ulionyesha kuwa watu wengi huko wana aina ya kinasaba inayochelewesha mwili kuivunja dawa hiyo, hivyo dozi iliyokuwa ya kawaida ya miligramu 600 ilijikusanya kupita kiasi kwenye damu. Dozi iliyopangwa kwa wengine iliwazidi wao. Mashine iliyofundishwa bila watu wetu itarudia kosa hilohilo, kwa kasi kubwa zaidi.

Ndiyo maana watafiti wanaomba damu na taarifa zetu, nami naona ni vyema tushiriki. Lakini tushiriki tukijua. Taarifa za afya ya mwanao zikishapanda kwenye wingu, zinaweza kuhifadhiwa kwenye mashine zilizo nchi nyingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Maswali ya kwenda nayo

Ukisikia kwamba AI imegundua dawa, uliza mambo matatu. Imejaribiwa wapi: kwenye kompyuta, kwa panya, au kwa watu? Kama ni watu, walikuwa wangapi, na walilinganishwa na nani? Je, imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), au kwa walio Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu? Mfano mzuri ni rentosertib, dawa ya kovu la mapafu iliyobuniwa kwa akili mnemba. Matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2025 yanatia moyo, lakini yalitoka kwa wagonjwa 71 wa China. Hiyo ni dawa iliyo njiani. Usiache matibabu yako kwa ajili ya dawa iliyo njiani.

Ukiombwa kusaini fomu ya utafiti kwa niaba ya mtoto, uliza: Sampuli na taarifa zitahifadhiwa wapi, na kwa muda gani? Jina lake litaondolewa? Nani mwingine ataruhusiwa kuzitumia, na kampuni ikipata dawa humo, sisi tutaipata kwa bei gani? Nikibadili mawazo, nitajitoaje? Na je, utafiti umeidhinishwa na kamati ya maadili?

Mtafiti mwaminifu hachukizwi na maswali hayo. Kushiriki ni hiari, na ukikataa, mtoto wako anastahili huduma ileile kliniki. Fomu usiyoielewa, omba usomewe kwa Kiswahili, au ichukue nyumbani ukaijadili na mwenzako kabla ya kusaini.