Levi Strauss na Wapwa Wake

Dhahabu ilipoonekana California, Marekani, mwezi wa Januari 1848, watu kwa maelfu walishika njia ya magharibi na sururu zao. Levi Strauss hakuchukua sururu.

Alizaliwa mwaka 1829 katika kijiji cha Buttenheim, Bavaria, mwana wa mchuuzi wa Kiyahudi. Baba alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1846. Mwaka uliofuata mjane Rebecca alivuka bahari pamoja na Levi na binti zake wawili mpaka New York, kwa Jonas na Louis, wana wa mke wa kwanza wa marehemu, ambao walikuwa wakiuza nguo. Hao ndio waliompelekea Levi bidhaa alipofungua duka la jumla San Francisco mwaka 1853.

Wengi husimulia kwamba alishona suruali kwa turubai la hema. Sivyo, Levi hakuwa fundi. Fundi alikuwa Jacob Davis wa Reno, Nevada, mnunuzi wake wa vitambaa, aliyetia ribiti za shaba kwenye mifuko ili isipasuke. Alimwandikia Levi mwaka 1872, na mwaka 1873 wakapata hati ya serikali ya kulinda ubunifu huo.

Levi hakuoa. Alikaa na dada yake Fanny na shemeji yake David Stern, mshirika wake dukani. David alifariki mwaka 1874, akaacha watoto. Mjomba akawaingiza vijana katika kazi, na alipokufa mwaka 1902 wapwa wanne wakairithi. Miaka minne baadaye tetemeko na moto viliteketeza makao yao San Francisco, wakajenga upya.