Hadubini ya bei nafuu na gharama ya mwaka wa tano

Katika wilaya za Kibondo na Kasulu slaidi ya damu bado ina kazi ambayo kipimo cha haraka hakiwezi kuifanya. Sisemi hivi kukibeza kipimo cha haraka cha malaria. Mkoa wa Kigoma ni mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta takriban asilimia 24 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana vimelea vya malaria, ilhali wastani wa nchi ulikuwa kama asilimia 7. Mahali kama hapo kipimo kinachotoa jibu ndani ya robo saa, bila umeme, ni neema. Lakini kipimo hicho hutafuta malaria tu. Mrina asali anayerudi Kitahana kutoka kwenye mizinga yake upande wa Moyowosi, akiwa na homa na alama ya kuumwa na mbung'o, anaweza kupata jibu la "hakuna malaria" na kurudishwa nyumbani na dawa ya maumivu, kumbe ana malale. Malale ya upande wetu huu wa Afrika, ile isababishwayo na kimelea kiitwacho rhodesiense, huua ndani ya wiki au miezi, na haina kipimo cha haraka. Hutambuliwa kwa mtu kukiona kimelea chenyewe katika damu. Wazee wa Buha hawahitaji somo juu ya ugonjwa huu, kwani enzi za Mwingereza watu walihamishwa na kukusanywa katika makazi mapya kwa sababu yake.

Kwa hiyo habari ya hadubini ya bei nafuu inatuhusu. Hadubini iitwayo OpenFlexure ilibuniwa na wanasayansi wa Uingereza, na kwa miaka kadhaa wameifanyia kazi pamoja na Taasisi ya Afya Ifakara na mafundi wa Dar es Salaam. Mwili wake huchapwa kwa plastiki katika printa ya 3D, hujisogeza yenyewe juu ya slaidi, na hupiga picha za vimelea ambazo mtaalamu aliye mbali anaweza kuzisoma. Michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Sidai kwamba imeenea katika zahanati za Kibondo. Nasema ni mfano bora wa aina ya vifaa tutakavyoletewa katika miaka ijayo, vikiwemo vile vitakavyobuniwa na vijana wetu wenyewe.

Ndani ya hadubini hiyo kuna kompyuta ya bodi moja, yaani kompyuta nzima iliyojengwa juu ya kipande kimoja cha saketi chenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki. Inayotumika humo ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35. Bodi za aina hii, za kampuni nyingi kubwa na ndogo, zinazidi kuwekwa katika vifaa mbalimbali kwa sababu ni rahisi kununua. Na hapo ndipo ninapotaka kusimama. Tunapopokea kifaa chenye bodi kama hiyo huuliza bei ya kukinunua na kushangilia jinsi ilivyo ndogo. Hatuulizi ni nani atakayetunza programu yake mwaka wa tano, wala atalipwa na nani. Naamini swali hilo linapaswa kuandikwa katika mkataba kabla kifaa hakijapakiwa kwenye gari.

Chukua yaliyoipata kamera. Mwezi Novemba 2021 Raspberry Pi ilitoa toleo jipya la mfumo endeshi wake, lililobadilisha kabisa njia ambayo programu huzungumza na kamera. Programu ya hadubini ilikuwa imejengwa juu ya njia ya zamani. Mwaka 2023 ikaja bodi mpya, Raspberry Pi 5, ambayo haiwashwi na mfumo wa zamani, na mfumo mpya inaouhitaji hauna tena njia ile ya zamani ya kamera. Fikiri maana yake kwa fundi wa wilaya: bodi ya hadubini ikiungua, akanunua iliyo mpya zaidi dukani na kuhamishia kadi ya kumbukumbu ya zamani, kifaa hakitawaka. Hakuna aliyekosea. Kampuni iliboresha kitu chake, nao wabunifu wa hadubini walilazimika kuandika upya sehemu kubwa ya programu yao, na waliifanya kazi hiyo kwa sababu walikuwepo na walikuwa na fedha ya kuifanya. Tena hiyo ni kampuni iliyo mbele ya wenzake wote kwa utunzaji wa programu, na hutangaza mapema bodi ipi itaendelea kutengenezwa hadi mwaka gani.

Wauzaji wadogo hali yao ni nyingine kabisa. Mwenye kiwanda kidogo cha bodi hatengenezi kichakato, yaani ubongo wa kompyuta. Hukinunua kwa kampuni kama Rockchip au Allwinner. Kichakato hicho huja na furushi la programu lililotengenezwa juu ya kerneli ya Linux ya miaka iliyopita na kuongezewa viraka vya kichakato hicho peke yake. Kerneli ndiyo kiini kinachounganisha programu na vyuma. Dunia ya Linux inasonga mbele, furushi linabaki palepale. Kuviingiza viraka hivyo katika kerneli ya wote ni kazi ya miezi au miaka ya mhandisi mwenye ujuzi, na muuzaji anayepata faida ya dola chache kwa bodi hana uwezo wa kumlipa. Mteja mmoja akiandika barua tatu za kuomba msaada, faida ya bodi yake imekwisha. Hivyo muuzaji hutoa bodi mpya, maana bodi mpya ndiyo inayoleta fedha, na ile ya juzi husahauliwa.

Wengine hufa kabisa. Kampuni ya Next Thing ya Marekani ilijitokeza mwaka 2015 na kompyuta iitwayo CHIP kwa dola 9, ikachangiwa takriban dola milioni mbili na watu waliovutiwa na bei hiyo. Mwaka 2018 ilifungwa. Waliokuwa wamejenga vifaa vyao juu ya bodi hiyo walibaki na programu isiyo na mwenyewe.

Sipendi kuwalaumu wauzaji hawa kama baadhi ya wenzangu wanavyowalaumu. Tumeitaka bei ya dola 9, na bei ya dola 9 haina mshahara wa mhandisi ndani yake. Pengo hilo limezibwa kwa sehemu na watu wa kujitolea. Mradi wa Armbian, ulioanzishwa na Igor Pečovnik wa Slovenia, hutunza mfumo mmoja unaofanya kazi katika bodi za wauzaji wengi. Nao una mipaka yake: bodi isiyo na mtu aliyejitolea kuitunza hushushwa daraja. Ukipata bodi, kabla ya kuinunua tazama kama ina mtunzaji huko. Hiyo ni dalili bora kuliko karatasi ya muuzaji.

Hapa kwetu tatizo lina uso wake. Hadi miaka ya karibuni umeme wa Kibondo na Kasulu ulitoka katika majenereta ya dizeli, na kukatika ghafla kwa umeme ni jambo la kawaida. Kompyuta hizi nyingi huhifadhi kila kitu katika kadi ndogo ya kumbukumbu, na umeme ukikatika kadi inapoandikwa, mfumo mzima unaweza kuharibika. Fundi mwenye nakala ya kadi huirudisha katika nusu saa. Asiye nayo huandika barua kwa muuzaji, na barua haijibiwi. Tunaijua pia hali ya miradi. Kambi za Nyarugusu na Nduta, na Mtendeli iliyofungwa mwaka 2021, zimetufundisha kwamba mfadhili huja na vifaa na huondoka na wataalamu wake.

Kwa hiyo halmashauri au hospitali inayopokea kifaa iseme hivi kwa muuzaji au mfadhili: tuletee bodi za akiba za toleo lilelile, si la mwaka ujao, tuachie nakala ya kadi pamoja na programu nzima katika umbo linaloweza kurekebishwa na mwingine, na utuonyeshe Mtanzania anayejua kuirekebisha, pamoja na fungu la kumlipa kila mwaka. Hilo la mwisho ndilo hukatwa kwanza katika bajeti, nami ningelitetea kuliko yote. Mafundi sanifu wa vifaa tiba tunao. Wengi wamefundishwa kubadili fyuzi na taa, hawajafundishwa kuandika upya kadi, ilhali mafunzo hayo hayazidi siku chache.

Nimesikia jibu la kwamba dawa ni kununua kwa kampuni kubwa tu, mashine iliyofungwa, yenye nembo. Sikubaliani. Mei 2017 kirusi cha kompyuta WannaCry kilizilemaza hospitali za Uingereza na zaidi ya miadi 19,000 ya wagonjwa ikaahirishwa, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kinga yake tangu Machi. Mifumo ilikuwa ya kampuni kubwa; kilichokosekana ni mtu wa kuisasisha. Na mashine iliyofungwa ikiachwa na kampuni yake, hakuna fundi wa Kasulu, wala wa Dar es Salaam, anayeruhusiwa kuifungua. Hadubini iliyo wazi yenye mtunzaji anayelipwa naiona salama zaidi kuliko hiyo.

Wakati hayo yakisubiri, hadubini ya kawaida, ile ya kuchungulia kwa jicho, isiondolewe mezani hata kifaa kipya kikifika. Haihitaji sasisho. Nawe uliyekwenda porini kurina asali, kuwinda au kuchunga, ukarudi na homa isiyoisha, mweleze mhudumu ulikokuwa na kama uliumwa na mbung'o. Kipimo cha haraka kikionyesha huna malaria, omba slaidi yako isomwe. Ukiambiwa mashine imeharibika, uliza kama kuna hadubini ya kawaida, na kama haipo, uliza ni kituo gani cha karibu kilicho nayo, uende siku hiyohiyo.