Vitamini E na Lugha ya Gunia

Kifaranga wa majuma matatu akipinda shingo nyuma, akaanguka na kurusha miguu, mfugaji hushuku kideri. Pengine ni kweli. Lakini mwaka 1931 Pappenheimer na Goettsch waliyaeleza maradhi hayo huko New York, na baadaye ikajulikana kwamba upungufu wa vitamini E nao huudhuru ubongo wa kifaranga.

Chanzo chaweza kuwa mumo humo chakulani. Mafuta ya omena huharibika upesi kwa hewa na joto, nayo yaharibikapo huiangamiza vitamini E. Ndiyo sababu viwanda huongeza vitamini hiyo, pamoja na kemikali za kuyahifadhi mafuta. Hiyo ni kinga tu. Kuku aliyekwisha kupata ya kumtosha hatarajiwi kunenepa zaidi kwa kuongezewa. Na seleni, madini yafanyayo kazi sambamba nayo, ikizidi ni sumu.

Mama anayechanganya chakula nyumbani atayajuaje haya, ilhali maandishi ya gunia aghalabu ni ya Kiingereza, tena madogo ya kuumiza macho? Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba ya 2010. Watengenezaji na waandike kwa Kiswahili kiasi cha vitamini, tarehe ya kutengenezwa, na muda wa chakula kudumu ghalani.