Mnara si Matangazo

Iko tabia iliyoota mizizi katika ofisi nyingi za umma, nayo ni tabia ya kuhesabu vyombo badala ya kuhesabu watu wanaohudumiwa na vyombo hivyo. Kisima kikichimbwa, taarifa huandikwa kwamba kijiji kina maji, hata kama pampu imekufa. Zahanati ikiezekwa, huandikwa kwamba kata ina tiba, hata kama rafu za dawa ni tupu. Na mnara wa televisheni ukisimamishwa makao makuu ya mkoa, huandikwa kwamba mkoa umefikiwa na matangazo ya dijitali. Taarifa ya namna hiyo ni udanganyifu, hata kama mwandishi wake hakukusudia kudanganya. Mnara ni chuma. Matangazo ni picha na sauti inayofika nyumbani kwa mwananchi.

Ni vema historia ikumbukwe. Mwaka 2006, huko Geneva, nchi za Afrika, za Ulaya na nyingine zilikubaliana kuachana na televisheni ya analojia, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa kikomo kikuu cha kuhama. Tanzania haikungoja kusukumwa. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na katika miezi iliyofuata ya 2013 zamu ikafika miji ya Dodoma, Tanga, Mwanza, Moshi, Arusha na Mbeya. Hatua hiyo ilikuwa ya ujasiri, na waliyoambiwa wananchi kuhusu manufaa yake yalikuwa kweli. Masafa yenye upana wa megahezi 8, ambayo zamani yalibeba kituo kimoja tu, katika mfumo mpya yanaweza kubeba vituo kumi na zaidi kwa picha safi.

Lakini upo ukweli wa pili ambao haukuhubiriwa kwa sauti ile ile. Katika enzi ya analojia, nyumba iliyo mbali na mtambo ilipata picha yenye chenga. Chenga zilikera, lakini mwananchi aliiona sura ya msomaji wa habari na maneno aliyasikia. Dijitali haina huruma hiyo. Ishara ikiwa na nguvu ya kutosha, picha hung'aa. Ikipungua kidogo tu chini ya kiwango, picha huvunjika vipande, hukwama, kisha kioo huwa cheusi. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiona vibaya zamani anaweza leo asione kabisa, na wakati huo huo taarifa ya ofisini ikasema kwamba huduma imeboreshwa.

Mawimbi yanayotumika kurushia televisheni hiyo husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kama mwanga wa kurunzi. Hayapandi mlima na kuteremka upande wa pili. Haihitajiki shahada ya uhandisi kutambua kwamba mtambo uliowekwa Morogoro mjini hautazamani na Matombo, kwa maana safu ya Uluguru imesimama katikati. Wala mtambo uliowekwa Tanga mjini hauwezi peke yake kuyamulika mabonde ya Lushoto, ambayo Usambara imeyakunja kama mikunjo ya kanga. Mwalimu yeyote wa jiografia angeliweza kumweleza hayo mpangaji wa huduma kwa kumchorea ramani ubaoni.

Dawa ya tatizo hilo inajulikana. Ni vituo vidogo vya kurudia matangazo, vinavyojengwa juu ya vilima ili vipokee ishara ya mtambo mkubwa na kuimwaga mabondeni. Mfumo wa dijitali umeirahisisha kazi hiyo kuliko zamani, kwa sababu mitambo kadhaa inaweza kufungwa pamoja na kurusha matangazo yale yale katika masafa yale yale pasipo kugombana, mradi iende kwa saa moja. Kisingizio cha uhaba wa masafa, ambacho kilikuwa na uzito katika enzi ya analojia, hakina uzito huo tena.

Litaulizwa swali la fedha. Na liulizwe, maana jibu lake lipo. Televisheni ilipobanwa katika nafasi ndogo, sehemu kubwa ya masafa ilibaki wazi, na mwaka 2018 Tanzania ilinadi masafa ya megahezi 700 kwa ajili ya mawasiliano ya simu na data. Masafa hayo yalipatikana kwa sababu watazamaji walikubali kununua ving'amuzi kwa fedha zao wenyewe ili mfumo wa zamani uzimwe. Mwananchi amekwisha kutoa mchango wake. Si haki kumtoza mtu ada ya safari, kisha kumwacha kituoni kwa madai kwamba gari limejaa. Sehemu ya mapato ya masafa yaliyookolewa ingepaswa kurudi kwa mtazamaji kwa sura ya vituo hivyo vidogo.

Wapo wanaobisha. Kundi la kwanza husema: aliye nyuma ya mlima anunue dishi la setilaiti. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Watu hao husahau kwamba dishi nyingi zinazouzwa nchini zimefungamanishwa na malipo ya kila mwezi, na kwamba anayetegemea chombo cha mfanyabiashara hutegemea pia mikataba na leseni za mfanyabiashara huyo. Mwaka 2018 chaneli za nyumbani ziliondolewa katika ving'amuzi vya setilaiti vya malipo, kwa sababu leseni za makampuni hayo hazikuruhusu kubeba chaneli za kutazamwa bila malipo. Yawezekana sheria ilifuatwa sawasawa. Lakini mwananchi ambaye mtambo wa mkoa haukumfikia, na ambaye ndiye aliyeshauriwa anunue dishi, alibaki akitazama michezo ya nchi za watu huku habari za nchi yake hazioni.

Kundi la pili husema kwamba zama za minara zimepita, na kwamba kila kitu sasa kimo katika simu. Hiyo ni kasumba ya mjini. Mtambo mmoja ukirusha taarifa ya habari, gharama yake ni ile ile, watazame watu kumi au watazame laki moja. Katika simu, kila mtazamaji hununua bando lake, na kila dakika ya picha hulila bando hilo. Anayependekeza simu ichukue nafasi ya mnara anapendekeza kwamba gharama iliyobebwa na mtambo mmoja kwa niaba ya wote ihamishiwe katika mfuko wa kila mkulima.

Kundi la tatu ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa huvaa joho la busara. Hilo husema televisheni ni anasa, na kijijini yatosha redio. Wasemaji hao waikumbuke redio yenyewe ilifanya nini ilipochukuliwa kuwa chombo cha umma. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Siri ya mafanikio hayo ilikuwa mbili: matangazo yalifika vijijini, na msikilizaji hakudaiwa malipo kwa kila kipindi. Na shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, vipindi vya masomo vilirushwa kwa redio na televisheni. Mtoto aliyekaa upande wa mlima unaotazamana na mnara aliweza kumwona mwalimu akichora pembetatu. Mwenzake wa upande wa pili hakuweza. Nani atathubutu kumwambia mtoto huyo kwamba alichokosa ni anasa?

Nchi nyingine haziufanyii mzaha mnara wa mkoa. Tarehe 10 Agosti 2021 mnara wa Bilsdale, kaskazini mwa Uingereza, uliungua, na mamia ya maelfu ya nyumba yakapoteza matangazo. Halikuachwa jambo hilo kuwa shida ya kila nyumba peke yake. Minara ya muda ilisimamishwa, na baadaye mnara mpya ukajengwa kuchukua nafasi ya ule ulioungua. Huko nako simu na setilaiti zimejaa, na bado mnara ulihesabiwa kuwa hitaji la watu.

Basi hapana budi mambo manne yafanyike. Kwanza, kipimo cha huduma kiwe upokeaji katika kila kata, si idadi ya minara katika kila mkoa. Pili, chaneli za umma zisifungwe kamwe kwa sababu malipo ya mwezi yamekwisha; king'amuzi kinachozizima ni sawa na mlango wa shule unaofungwa na mwenye duka jirani. Tatu, vituo vya kurudia matangazo vipangiwe fedha kama barabara za wilaya zinavyopangiwa. Nne, wananchi waelimishwe, kwa maana zipo nyumba zinazokosa picha si kwa sababu ya mlima, bali kwa sababu antena imewekwa ndani chini ya bati, au juu ya paa lakini imeupa mnara kisogo.

Jambo hilo la nne halingoji bajeti. Mwalimu wa sayansi anaweza kulifanya somo la alasiri moja: wanafunzi wapande kilimani, waonyeshwe mnara ulipo, wageuze antena, wajaze katika daftari ni nyumba zipi za kijiji zinapata picha na zipi hazipati. Ofisa wa wilaya akiyapokea madaftari hayo kutoka shule zake zote, atakuwa na ramani ya kweli kuliko taarifa yoyote iliyoandikwa kwa kutazama mnara kupitia dirisha la ofisi. Kisha na aipeleke ramani hiyo mkoani, na atakapoulizwa kama wilaya yake imefikiwa na matangazo, ajibu kwa idadi ya nyumba.